Minki wa Denmark, pipa la China

Kazi yangu ni ngozi zenye manyoya, na swali nisilochoka kuulizwa ni nchi gani inaongoza katika biashara hiyo. Najibu kwa swali: 4301 au 4302? Hizo ni namba za forodha. Ya kwanza ni ngozi mbichi, ya pili ni iliyokwisha kutengenezwa. Koti lenyewe ni 4303. Ngozi moja yaweza kubadili uraia mara tatu kabla haijavaliwa.

Tofauti utaijua kwa mkono. Mbichi iliyokaushwa ni ngumu kama kadibodi, ukiikunja inalia. Ngozi ya viatu hupakwa chokaa ili nywele zitoke. Huku nywele ndiyo mali. Inalowekwa, inakwanguliwa mafuta na mabaki ya nyama, inatiwa kwenye maji ya chumvi na asidi, kisha shabu au kemikali nyingine ya kuizuia isioze. Halafu mafuta ya kuilainisha. Mwisho inazungushwa kwenye pipa kubwa lenye unga wa mbao, unaofyonza mafuta yaliyozidi na kurudisha mng'ao. Ikikaa mno majini, bakteria hulegeza mashina ya nywele. Mimi huvuta kidogo upande wa tumboni. Nikibaki na manyoya kiganjani, mzigo siuchukui.

Sasa Denmark. Hadi 2020 ilikuwa kinara wa minki, mnyama wa jamii ya kicheche, na wanunuzi walisubiri bei za mnada wa Kopenhagen Fur. Lakini ngozi zilizonadiwa pale zilikuwa mbichi. Pipa, yaani kazi ya kuzitengeneza, lilikuwa kwingine, hasa China, kwenye viwanda vya mikoa kama Hebei. Novemba 2020 serikali ya Denmark iliamuru minki wote wauawe kwa hofu ya korona iliyojibadili ndani yao. Waliuawa zaidi ya milioni 15, na mnada ukatangaza kujifunga. Mwenye pipa aliumia, ila aliweza kutafuta ngozi Finland, Poland au kwenye mashamba ya kwao.

Ninaowavulia kofia ni mafundi wa Kastoria, Ugiriki. Tangu zamani wameshona mikia, miguu na vipande walivyoacha wengine, mpaka vikawa shuka moja. Forodhani shuka hiyo bado ni 4302, ingawa imeshapitia sindano mara mia. Wateja wao wakubwa walikuwa Warusi. Vikwazo vya Ulaya vya 2022 nadhani viliwaumiza kuliko wanaharakati wote wanaopinga manyoya.