Char hakutaka kuiangamiza Dunia

Mashabiki wengi wa Gundam, anime ya Kijapani ya maroboti makubwa iliyoanza kurushwa mwaka 1979, husema Char Aznable, rubani ambaye ni adui mkuu wa shujaa wa hadithi hiyo, aliichukia Dunia. Ushahidi wao ni filamu ya 1988, ambamo anajaribu kuiangushia Axis, mwamba mkubwa wa angani.

Mambo ni kinyume. Char amerithi wazo la babake, Zeon Zum Deikun: Dunia ni mahali patakatifu, imechoshwa na binadamu, basi watu wote wahamie kwenye makoloni ya angani ili ipumzike. Tatizo ni kwamba wakubwa wa serikali wamebaki chini, wanawatawala waliokwisha kuhamishwa. Ndipo Char anapotaka vumbi la mgongano lizibe jua na baridi kali iingie, watu waondoke watake wasitake. Ni sawa na kumtoa mpangaji kwa kuchoma nyumba, naye amelala ndani. (Tena ana kisasi chake na Amuro Ray, rubani shujaa wa hadithi na mpinzani wake wa siku nyingi, kwa hiyo nia yenyewe si safi.)

Amuro naye hasemi Dunia iko salama. Anachokataa ni kuwakatia tamaa binadamu mapema hivyo.