Namba moja ya zamani haikuhesabu kila santuri

Wapenzi wengi wa muziki wa zamani huamini kwamba wimbo ulioshika namba moja Uingereza miaka ya 1950 ulipatikana kwa kuhesabu santuri zote zilizouzwa nchini. Sivyo. Novemba 1952, Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express alipigia simu maduka kama 20 hivi, akauliza zipi zinatoka zaidi, kisha akajumlisha majibu. Al Martino akaibuka kidedea kwa "Here in My Heart". Orodha iliitwa ya 12 bora, ila ilikuwa na nyimbo 15, maana kadhaa zilifungana. Kwa vifaa vya wakati ule, ilikuwa kazi ya kuheshimiwa.

Magazeti mengine yakaanzisha chati zao, kila moja na maduka yake. Ndiyo maana mwaka 1963 "Please Please Me" ya Beatles iliongoza kwa New Musical Express na Melody Maker, huku Record Retailer ikiiweka ya pili. Mashabiki wanaobishania hilo hadi leo wote wana haki: kila mmoja anasoma chati tofauti. Chati ya pamoja ya BBC na Record Retailer ilianza 1969.