Hitilafu ya spidomita kwenye pikapu: maana yake na jinsi ya kuitafuta

Mshale wa spidi ukilala kwenye sifuri ilhali pikapu iko mbioni, mara nyingi ubovu hauko kwenye dashibodi. Mita ile ni kituo cha mwisho tu. Habari ya mwendo huanzia kwenye giaboksi au kwenye magurudumu, hupita kwenye kebo au waya, ndipo ifike mbele ya macho ya dereva. Tunaposema spidomita ina hitilafu, tunasema habari hiyo imekatika au imepotoshwa mahali fulani njiani, na kazi ya fundi ni kupajua mahali hapo kabla ya kununua chochote. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa Mombasa wako wenye pikapu wanaouziwa dashibodi nzima ya mtumba, ikafungwa, na mshale ukabaki palepale. Inauma, maana pengine palihitajika kusafishwa plagi moja tu.

Pikapu za zamani, kama Datsun 1200 na Peugeot 504, hutumia kebo. Ni uzi wa chuma unaozunguka ndani ya ganda lake: huku chini unazungushwa na gia ndogo kwenye mkia wa giaboksi, kule juu umeingia nyuma ya mita. Ndani ya mita, uzi huo huzungusha sumaku. Sumaku haishikani na mshale hata kidogo. Inazunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini, umeme kidogo unazalika ndani ya kikombe, na umeme huo hukifanya kivutwe kuifuata sumaku, huku springi nyembamba ikikirudisha nyuma. Spidi ikizidi, mvuto unazidi, mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyeisajili mbinu hii mwaka 1902, na kwa miongo mingi dunia iliendesha kwa kuitegemea.

Pikapu za baadaye hazina kebo. Zina sensa inayotoa mapigo ya umeme kadiri shafti inavyozunguka. Kipimo kilichozoeleka kwa magari ya Kijapani ni mizunguko 637 kwa kilomita. Sensa ya mapigo manne kwa kila mzunguko hutoa basi mapigo 2,548. Mita huyahesabu na kuonyesha spidi. Nyingine hupata habari kutoka sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki) zilizo magurudumuni, ndiyo maana taa ya ABS ikiwaka siku ileile mshale ulipokufa, uanzie kutafuta huko.

Swali la kwanza kabisa ni hili: mshale umekufa, lakini kilomita je, zinahesabu? Kwenye gari la kebo jibu lake linapunguza kazi nusu nzima. Zikihesabu, kebo inazunguka na gia ni nzima, kwa hiyo ubovu umo ndani ya mita. Vyote viwili vikisimama, fungua kebo nyuma ya mita, mtu asukume gari polepole, nawe utazame ile ncha. Ikizunguka, rudi kwenye mita. Isipozunguka, shuka chini ya gari uifungue upande wa giaboksi: huenda uzi umekatika, au meno ya ile gia, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, yamelika.

Mshale unaotetemeka na kurukaruka, hasa mwendo wa chini, ni kesi nyingine. Hapo kebo imekauka au imepindwa kona kali mahali fulani, na mara nyingi hupiga kelele za kukwaruza kabla haijakatika. Itoe, ipanguse, ipake grisi kidogo, lakini sentimita chache za juu ziache kavu. Grisi ikipanda hadi ndani ya mita, hushikanisha sumaku na kikombe, na mshale huruka juu kuliko mwendo wa kweli.

Kwenye sensa, adui mkubwa wa Pwani ni chumvi. Fikiria pikapu inayobeba samaki: maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye waya za chini, siku baada ya siku. Ukiichomoa plagi ya sensa, unakuta pini zimeota ukungu wa kijani, nao hauupitishi umeme vizuri. Isafishe kwanza kwa dawa ya kusafishia pini na brashi ndogo, uikaushe, uirudishe. Isipopona, washa swichi na upime kwa mita ya umeme. Sensa ya waya tatu inapaswa kuwa na waya wa umeme unaoingia, wa arthi, na wa ishara. Nyanyua magurudumu ya nyuma yote mawili juu ya stendi, ya mbele yazuie kwa mawe, weka gia nyutro, kisha mwenzako azungushe magurudumu kwa mkono: ishara inapaswa kupanda na kushuka. Umeme ukiwa unaingia, arthi ikiwa nzuri na magurudumu yakizunguka, lakini ishara ikiwa imekufa, hapo sensa ndiyo ya kubadilishwa, au gia inayoizungusha imelika. Usiisahau fyuzi pia. Na kompyuta ya gari ikisomwa ikatoa msimbo wa hitilafu P0500, inalalamikia habari ya spidi. Haijasema kama ni sensa au waya.

Kuna hitilafu moja isiyovunja kitu chochote, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: mshale unafanya kazi ila unadanganya. Mwenye pikapu amefunga tairi kubwa zaidi ili abebe mzigo, mzingo ukaongezeka kwa asilimia 8. Spidomita iliyokuwa sahihi sasa ikionyesha 80, gari linakwenda karibu 86. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu spidomita kuzidisha, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu ipunguze hata kidogo. Ili kujua yako, nenda barabara ya Nairobi ukishapita Miritini, shika mshale kwenye 60 bila kuyumba, na abiria apime muda kati ya alama mbili za kilomita: sekunde 60 ni sawa, zikipungua unakwenda kasi kuliko unavyoambiwa. Programu ya GPS kwenye simu nayo inatosha, mradi abiria ndiye anayeishika.