Hukusoma Fasihi? Afadhali, anzisha klabu ya vitabu

Swali limerudi tena: "Nitaanzishaje klabu ya vitabu na sikusoma Fasihi?" Jamani! Wanaoziua klabu hizi mara nyingi ni hao hao waliosoma Fasihi. Mtu anafungua kikao kwa "tujadili dhamira, wahusika na mandhari", na papo hapo watu wazima wanarudi kidato cha nne: wawili wanamtafutia mwalimu jibu lake, waliobaki wanachungulia simu.

Swali la kufaa ni lile ambalo wasomaji wawili makini watalijibu tofauti, kila mmoja akifungua ukurasa kujitetea. Chukua Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1971). Ukiuliza dhamira kuu, utaambiwa "malezi", kisha kimya. Uliza hivi: Zakaria alipompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles, Regina, mama yake Rosa, angeweza kufanya nini? Hapo mama mwenye mabinti na kijana asiyeoa hawataelewana, na kazi yako inabaki moja tu: "Umeliona wapi hilo? Tusomee." Maswali 5 yanatosha dakika 90, la mwisho hamtalifikia. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi wakifika 3 wanajijibu wenyewe, na wanakikundi wakishakuzoea hivyo, hawajisumbui tena.

Mengine haraka haraka. Watu 8, wakizidi 12, gawa kikundi. Kurasa 200 hivi kwa mwezi. Siku isibadilike, mathalani Jumamosi ya pili. Ulizia nakala dukani na maktaba kabla ya kupigia kura kitabu, maana nakala moja ikizungushwa kwa watu 8, wa mwisho hataiona. WhatsApp iwe ya tarehe na mahali tu. Mkijadili huko, kikaoni mtakula kiporo.

Asiyemaliza kitabu je, aje? Miongozo husema aje tu. Mimi nasitasita. Mmoja hana neno, mradi ajue kwamba mwisho utatajwa mbele yake. Wakiwa 3, mazungumzo yanahama kitabuni na kuishia kwenye nauli za daladala. Ila ukiwafungia mlango, wasomaji wa polepole hawarudi, na hao ndio huwa wameona mambo ambayo wenye mbio waliyaruka. Kanuni ya kuwaridhisha wote sina.

Chai na sambusa vije mazungumzo yakishaisha. Sahani ikipita katikati, hakuna atakayemsikiliza anayesoma ukurasa.