Figo ya printa: yanayosemwa na yaliyopo

"Siku hizi figo zinachapwa, kilichobaki ni pesa tu."

Hapana. Hadi sasa hakuna binadamu anayeishi kwa figo, ini wala moyo uliotoka kwenye printa, yaani mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka badala ya kuchapa karatasi. Uvumi huu ulipata nguvu Machi 2011, kwenye TED, mkutano wa hotuba fupi nchini Marekani. Daktari Anthony Atala wa Chuo Kikuu cha Wake Forest alisimama jukwaani akiwa amevaa glavu, akaonyesha kitu chenye umbo la figo kilichochapwa kwa mashine. Lilikuwa umbo tu, lisiloweza kutengeneza hata tone la mkojo. Baadhi ya vyombo vya habari vikatangaza figo halisi, na chuo kikalazimika kusahihisha.

Mkanganyiko ulizidi kwa sababu siku hiyohiyo alipanda jukwaani kijana aliyekuwa ameishi miaka kadhaa na kibofu cha mkojo kilichokuzwa maabara. Kibofu kile ni cha kweli, ila hakikuchapwa. Seli za mgonjwa zilipandwa kwa mkono juu ya kiunzi chenye umbo la kibofu. Watu wakaunganisha mambo mawili, wakapata la tatu ambalo halipo.

"Printa zikiwa bora zaidi, kazi imekwisha."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Umbo si tatizo kubwa: jeli iliyochanganywa na seli hai hukamuliwa tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kisimame. Shida huanza baadaye. Seli ikiwa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, hukosa oksijeni na kufa. Kwa hiyo kipande kinene kisicho na mishipa ni kama nyumba iliyopakwa rangi bila kuvutiwa maji. Figo moja ina vichujio vipatavyo milioni 1, na kila kimoja kina mishipa yake myembamba mno.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapa moyo mdogo kwa kutumia seli zilizotokana na mafuta ya mgonjwa. Ulikuwa na mishipa, tena ukubwa wake ni kama wa moyo wa sungura. Seli ziliweza kujikunja, lakini moyo wenyewe haukusukuma damu.

"Basi ni porojo za wazungu."

Nayo si kweli. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio ya Marekani ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 20, aliyezaliwa na sikio moja lisilokamilika, amewekewa sikio lililochapwa kwa seli za gegedu yake mwenyewe, yaani ile tishu imara inayopinda inayolipa sikio umbo. Si bahati kwamba sikio lilitangulia: gegedu haina mishipa ya damu ndani yake.

"Kiungo cha printa hakikataliwi na mwili."

Inategemea seli ni za nani: za mtu mwingine mwili unaweza kuzikataa, zako mwenyewe hatari hiyo hupungua. Ila hata zikiwa zako, lazima usubiri: kuzizidisha huchukua wiki kadhaa.

"Kama hakipandikizwi, hakina faida."

Vipande vidogo vya ini vilivyochapwa vimeshatumika maabara kupima kama dawa ina sumu, kabla haijamfikia mtu. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliondoa sheria iliyolazimisha kila dawa mpya ijaribiwe kwanza kwa wanyama, na majaribio ya seli yakakubaliwa kuwa mojawapo ya njia mbadala.