Mita 400 kwa Wanaume: Hakuna Anayeongeza Kasi Mwishoni

Kila fainali ya mita 400 ya wanaume katika Mashindano ya Riadha ya Afrika inapomalizika, vijana ninaowafundisha hunijia na hoja ile ile: kwamba mshindi alitunza nguvu katika nusu ya kwanza, kisha akafyatuka mita 100 za mwisho na kuwapita waliokuwa mbele yake. Imani hii ilizidi kukomaa mwaka 2022, Muzala Samukonga wa Zambia alipotwaa ubingwa wa Afrika nchini Mauritius akiwa na umri wa miaka 19, na mwezi Agosti mwaka huo huo akatokea nyuma na kushinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa sekunde 44.66. Aliyetazama mbio zile yuko tayari kuapa kwamba Samukonga aliongeza kasi, kumbe waliokuwa mbele yake ndio waliopungua kasi kuliko yeye.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa linaharibu wakimbiaji wengi wenye vipaji. Mkimbiaji wa mita 400 hufikia kasi yake ya juu kabisa kabla ya kumaliza mita 200 za kwanza, na kuanzia hapo hushuka hadi mstari wa mwisho, awe bingwa au awe wa mwisho. Wayde van Niekerk alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 43.03 mjini Rio mwaka 2016, nusu ya kwanza aliikimbia kwa takriban sekunde 20.5 na ya pili kwa takriban 22.5, na mita 100 za mwisho zilimchukua kama sekunde 12. Sasa tuwachukue wawili walioachana kwa mita tano wakiingia mita 100 za mwisho: aliye nyuma akizikimbia kwa sekunde 12.3 na aliye mbele kwa 13.0, wa nyuma atampita karibu na mstari, na uwanja mzima utadhani amefyatuka, ilhali wote wawili wanakimbia polepole kuliko walivyokimbia kwenye mnyoofu wa nyuma, ile sehemu iliyonyooka ya upande wa pili wa uwanja, kati ya kona mbili.

Anayetunza nguvu hujidhulumu. Kijana ambaye muda wake bora wa mita 200 ni sekunde 21.0, akipita nusu ya kwanza kwa 22.8, atalazimika kukimbia nusu ya pili kwa 22.2 ili apate 45.0, yaani, akiwa amekwisha kuchoka, akimbie haraka kuliko alipokuwa mbichi. Haiwezekani. Mimi humtaka apite kwa takriban 22.0, sekunde moja juu ya muda wake bora, mabega yakiwa yamelegea na taya halijakazwa, nami husimama penye alama ya mita 200 na saa mkononi kila tunapofanya mazoezi ya mita 300. Asiyejua muda wake wa mita 200 ndani ya mbio za mita 400 bado hajaanza kujifunza mbio hizi, na kocha asiyeupima anabahatisha tu.

Kuhusu njia ya nane, ambayo kila mwaka husikia ikiitwa adhabu kwa sababu eti mkimbiaji wake huzunguka mbali zaidi: mwanzo wake huwekwa takriban mita 53 mbele ya ule wa njia ya kwanza, hivyo wote hukimbia mita 400 zile zile. Kona yake hata ni pana na nyepesi zaidi kwa miguu. Ugumu wake ni kwamba mkimbiaji hawaoni wapinzani wake. Rekodi ile ya Rio ilitoka njia hiyo hiyo.

Wengine huilaumu asidi ya laktiki kwa maumivu ya misuli ya kesho yake. Laktati, yaani asidi hiyo ilivyo ndani ya mwili, huondoka ndani ya muda mfupi baada ya mbio, na maumivu ya kesho yake hutokana na misuli iliyojeruhiwa kidogo kidogo.

Lipo pia dai kwamba Afrika Mashariki haikuumbiwa mbio hizi, nalo linaniudhi kwa sababu hutolewa na watu wetu wenyewe. Julius Sang wa Kenya alipata shaba ya mita 400 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na katika michezo hiyo hiyo akawa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti vya mita 400 mara nne. Samson Kitur alipata shaba mjini Barcelona mwaka 1992 kwa sekunde 44.24, na Emmanuel Korir, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mjini Tokyo, ana muda wa 44.21 katika mita 400. Vijana wenye kasi ya namna hiyo bado wapo katika shule zetu, lakini wengi wao hupelekwa kwenye mita 5,000 kabla hata hawajawahi kuwekwa kwenye vibao vya kuanzia.