Bastola ya kwanza kwa mwenye fedha ndogo: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Kijana mmoja mwenye duka la jumla kule Mbauda alikuja kwangu mwaka jana, simu mkononi. "Shikamoo mzee. Nimesikia ulikuwa mtunza silaha. Hebu niangalizie hii." Kwenye simu palikuwa na picha ya bastola ndogo inayoenea kiganjani. Alikuwa amevamiwa mara mbili usiku akitoka kufunga hesabu. Alikuwa na akiba kidogo, na rafiki zake walikwisha kumpangia kila kitu: achukue ndogo, anunue boksi moja la risasi tu, na ailaze chini ya godoro.

Nimetunza ghala la silaha la kampuni ya ulinzi hapa Arusha kwa miaka mingi. Asubuhi nilitoa silaha, jioni nilizipokea, nikazikagua na kuzisafisha moja moja. Niliyomwambia kijana yule nayaandika hapa, kwa sababu maneno aliyoambiwa yeye nayasikia Arusha na Moshi kila siku, na mengine yanaua.

"Nunua kwanza, karatasi zitafuata"

Hazifuati. Silaha ya moto kwetu inamilikiwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari ya maombi huanzia nyumbani kwako: serikali ya mtaa au kijiji, kamati za ulinzi na usalama, kisha polisi wa wilaya na mkoa hadi kwa msajili wa silaha. Inachukua muda, na muda huo una faida zake, nitaueleza baadaye. Bastola inayouzwa gizani inaweza kuwa na bei ya kuvutia, lakini siku unapoishika umeshakuwa mhalifu, tena hujui imetumika wapi kabla yako. Ikiwa imeua mtu, wewe ndiye utakayeulizwa.

Hili linawahusu pia wenye silaha ya baba. Kule Kibosho na Machame nimewakuta watu wazima wanaoamini kwamba bunduki ya marehemu inarithiwa pamoja na kihamba, shamba la ukoo. Leseni ni ya mtu, haipiti kwa damu. Mwenye leseni akifariki, silaha ipelekwe polisi na mrithi aombe kwa jina lake mwenyewe. Ukiichelewesha kabatini "mpaka arobaini ipite", unaishi na silaha isiyo na mwenyewe kisheria.

"Anayeanza achukue ndogo, hasa mama"

Hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapotea. Kidogo tunakiona chepesi, na chepesi tunakiona rahisi. Kwenye bastola mambo ni kinyume.

Risasi inapotoka mbele, bastola inasukumwa nyuma. Msukumo ni uleule iwe bastola ni nzito au nyepesi, ila nyepesi inarudi kwa kasi zaidi na teke lake linauma. Bastola ya chuma kama CZ 75, iliyobuniwa Czechoslovakia katikati ya miaka ya 1970, ina uzito wa takribani kilo moja ikiwa tupu, na mtu wa mikono midogo akiifyatua anashangaa ilivyo tulivu. Mpe mtu huyohuyo bastola ya nusu ya uzito huo yenye risasi zilezile: baada ya risasi ya tatu anaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Akishazoea kufumba macho, kumrekebisha ni kazi ya miezi.

Kuna na jambo la pili, la vilengeo. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ukiwa mfupi, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mpini mfupi nao unaacha kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Na springi za bastola ndogo mara nyingi ni ngumu zaidi kuzivuta, kwa hiyo mama uliyemnunulia "ya kike" anashindwa hata kuikoki, yaani kuvuta kipande cha juu ili risasi iingie tayari.

Bastola ndogo ina watu wake: mtu aliyekwisha kujua kupiga, anayelazimika kuificha chini ya shati. Anayeanza, atakayeiweka nyumbani au dukani, atafute ya ukubwa wa kati au kamili.

"Yenye risasi kubwa ndiyo yenye nguvu"

Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walipitia njia hii. Baada ya mapambano ya Miami mwaka 1986 yaliyowaulia maofisa wawili, waliiacha milimita 9, wakaenda kwenye milimita 10, kisha kwenye risasi ya .40 iliyotoka mwaka 1990. Miaka ya 2010 ilipofika katikati wakarudi kwenye milimita 9. Maofisa wao walikuwa wanapiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa nayo, na risasi za kisasa zilikuwa zimefuta sehemu kubwa ya tofauti. Kwa mfuko mdogo jibu ni hilohilo, na linaongezewa bei: milimita 9 ndiyo ya bastola iliyoenea kuliko nyingine duniani, kwa hiyo ndiyo utakayoipata kwa urahisi.

Ila usiseme tu "milimita tisa". Hapa pana mtego, na nimewaona hata walinzi wenye uzoefu wakiingia. Kuna ya ganda lenye urefu wa milimita 17, kuna ya 18 na kuna ya 19. Ya 19 ndiyo Parabellum, kazi ya Georg Luger, imekuwepo tangu mwaka 1902. Ya 18 ni ya Makarov, bastola ambayo Wasovieti waliipokea jeshini mwaka 1951, na kipenyo cha risasi yake ni kikubwa kidogo kuliko cha Parabellum. Hazibadilishani. Soma maandishi kwenye mtutu, soma maandishi kwenye kitako cha ganda, yafanane kabla hujalipa. Ukipata Tokarev, bastola nyingine ya Kisovieti, kwa bei nzuri, uliza kwanza risasi zake za 7.62 utazitoa duka gani mwaka ujao.

"Rivolva haikwami"

Rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, inakwama mara chache zaidi, hilo ni kweli, na risasi iliyogoma inapitwa kwa kuvuta kifyatulio tena. Lakini kifyatulio hicho ni kizito, mara nyingi kilo nne na nusu au tano bila kuinua nyundo, na mkono wa mwanafunzi unatetemeka njia nzima. Ikiharibika ndani huirekebishi mezani kwako, na mafundi wa kweli wa silaha mkoani hapa ni wachache. Kwa anayetaka chombo kisicho na mambo mengi, na atakayekubali risasi tano au sita tu, rivolva ya .38 yenye mtutu wa wastani haina ubaya. Iliyo fupi, nyepesi sana, nisingemshauri mtu wa kuanza.

"Iliyotumika ni chuma chakavu"

Hapana, na kwa mwenye fedha ndogo hili ndilo la kulishika. Mlango huohuo wa sheria unaruhusu silaha iliyotumika kuhamishwa kwenda kwa mwenye kibali, mbele ya polisi au kupitia duka lenye leseni. Bastola nyingi za watu binafsi huku kwetu zimekaa kabatini miaka kumi na hazijapiga risasi hamsini. Mfanyabiashara wa madini alinunua wakati wa neema, sasa amezeeka anataka kuachana nayo. Chombo bora kilichotumika kinazidi kipya kisichojulikana kilikotengenezwa.

Nikikagua, naanza kwa kuitoa magazini, kiboksi cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na kuangalia chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari, mwenyewe, hata kama mwuzaji ameniapia. Kisha natazama ndani ya mtutu kwa mwanga: mifereji iwe na kingo kali, pasiwe na vishimo vya kutu wala kivuli cha mviringo. Kivuli hicho ni alama kwamba risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu huo umevimba, uachwe. Naangalia nyufa kwenye slaidi, kipande cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, karibu na dirisha la kutolea maganda. Natazama midomo ya magazini, kwa sababu bastola nyingi zinazosemwa "mbovu" tatizo lao ni magazini iliyopinda. Springi iliyochoka hainitishi, ni ya kubadilisha. Mikwaruzo ya nje nayo haina kazi yoyote isipokuwa kupunguza bei. Namba ya usajili lazima isomeke wazi na ilingane na karatasi. Ikiwa imeguswa hata tarakimu moja, naondoka.

"Nikishalipa bastola nimemaliza"

Kijana wa Mbauda alikuwa na akiba ya bastola ile tu, kamili, hapabaki hata ya nauli. Nikamwambia arudishe hesabu nyuma. Kuna ada ya leseni na ya kuihuisha. Kuna sanduku la chuma. Kuna mafunzo kwa mtu anayejua kufundisha, mahali palipoidhinishwa kupiga. Kuna risasi za mazoezi, mbali na zile za kuweka. Kuna mkoba mgumu unaofunika kifyatulio, mafuta na brashi. Mimi ningegawa fedha katikati: nusu bastola, nusu hayo mengine. Nusu hiyo ikinunua iliyotumika tu, sawa. Mtu mwenye bastola ya wastani aliyepiga risasi mia mbili za mazoezi ananipa amani kuliko mwenye bastola ya fahari ambaye hajawahi kusikia mlio wake.

Mafuta nimeyataja kwa makusudi. Masika ya Moshi hayapatani na chuma, wala baridi ya Julai ya Arusha yenye manyunyu. Watu wanafunga bastola kwenye mkoba wa ngozi, wanaiweka kabatini, wanaifungua baada ya mvua na kuikuta nyekundu. Ngozi inashika unyevu, na dawa za kutengenezea ngozi zinakula chuma. Mkoba wa ngozi uvaliwe, usilaliwe.

"Nimetoa magazini, kwa hiyo ni tupu"

Laiti ningekuwa na nafasi ya kusahihisha moja tu, ningechagua hii.

Magazini ni ghala. Risasi iliyo tayari kuua iko kwenye chemba, na ukiitoa magazini yenyewe inabaki palepale. Bastola nyingi zinafyatuka vizuri kabisa zikiwa hazina magazini. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 iliwekewa kizuizi cha jambo hilo. Glock, iliyoingia jeshi la Austria miaka ya 1980, haina, na mtu aliyezoea moja akishika nyingine anaweza kumuua mwenzake huku wanacheka. Tena mpangilio una maana: magazini itoke kwanza, ndipo slaidi ivutwe. Ukivuta slaidi kwanza, risasi ya zamani inaruka nje, nyingine inapanda kutoka kwenye magazini, halafu unaitoa magazini ukidhani umemaliza. Baada ya hapo angalia chemba kwa jicho, ingiza na kidole. Usiku kidole kinajua kuliko jicho.

Jioni moja ghalani mlinzi alinikabidhi bastola akisema "tupu, mkubwa". Nilivuta slaidi nikiwa nimeielekeza kwenye ndoo ya mchanga, risasi ikadondoka mezani. Alikuwa kijana mzuri, makini, ana watoto wawili. Hakuwa ananidanganya, aliamini kabisa alichosema. Tangu siku hiyo sikuwahi kuchoka kurudia neno hilo, na sitachoka.

Sefti, kizuizi cha kufyatuka, nayo ni hivyohivyo. Ni kipande cha chuma, kinaweza kuvunjika, na bastola nyingine hazina kabisa ya kuwashwa kwa mkono. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kuamua kupiga.

"Chini ya godoro ndiyo karibu"

Karibu na nani? Desemba inapofika, Moshi yote inarudi nyumbani. Nyumba yenye wazee wawili mwaka mzima inajaa wajukuu kumi na wawili wanaolala mpaka sebuleni, wanaofunua kila godoro, wanaojua kufungua simu yenye nywila. Mtoto wa miaka sita ana nguvu ya kuvuta kifyatulio kwa vidole gumba viwili. Sanduku la chuma lililofungwa kwa nondo au boliti ukutani, ufunguo usining'inie msumarini, risasi zifungiwe kando. Sheria inataka silaha itunzwe salama, na anayezembea silaha yake ikaibwa atajibu.

Na wale wa kupiga hewani harusini au usiku wa mwaka mpya: risasi ya milimita 9 inasafiri zaidi ya kilomita moja, na lazima idondoke mahali. Vilevile inapita ukuta wa mbao au wa mabati kama karatasi. Nyumba za uani wanakolala wapangaji wako zimejengwa kwa nini?

Nilisema kusubiri kibali kuna faida. Kijana wa Mbauda aliutumia muda ule. Alianza na sanduku, akamlipa fundi wa kuchomelea alifunge kwenye ukuta wa bloku. Akaweka taa na kamera mlangoni mwa duka, akaacha kubeba mauzo usiku: sasa wakala wa fedha kwa simu aliye jirani anayachukua kabla ya saa kumi na mbili. Mara ya mwisho alikuja Jumapili baada ya ibada. Maombi yake bado yalikuwa wilayani. Alinionyesha picha nyingine kwenye simu, bastola ya chuma ya ukubwa kamili, imechubuka ubavuni, ya mzee mmoja wa Njiro anayetaka kuihamisha kisheria. Nikamwambia mtutu wake nitautazama mwenyewe, siku kibali kitakapotoka.